Risasi za Kimya Niliziomba Mimi

Mpendwa Baba mkwe,

Mugonile, nakusalimu Baba. Naandika hili neno "wewe" kwa woga, maana tangu niolewe nyumbani kwako sijawahi kukwambia "wewe", isipokuwa asubuhi ile. Na asubuhi ile ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Barua hii haina bahasha. Nimemwomba Shangazi, dada yako unayekaa kwake hapo Ipinda, aisome kwa sauti barazani, hata kama majirani wamekaa wanapeta mpunga wao, wasikie. Yale maneno ya asubuhi ile niliyasema watu wakisikia. Siwezi kuja kuomba radhi kwa kunong'ona. Shangazi, mwandiko wangu unaujua, shule niliishia kidato cha pili. Soma taratibu.

Baba, mimi ni binti wa ziwani, mama yangu anafinyanga vyungu, na kwetu mkwe anaheshimiwa lakini si kwa namna ya nyumba yako. Nilipoletwa hapo, Mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha ukutila. Nisikutazame usoni. Nisile unapokula. Nikikutana nawe njiani niache njia, nichuchumae, nikupe mgongo, nijifunike kanga kichwani mpaka upite. Na jina lako nisilitamke hata ndotoni. Nikamuuliza, "Sasa Mama, nitamjuaje?" Akacheka, akasema, "Utamjua kwa kikohozi. Anakohoa kama trekta inayokataa kuwaka."

Wenzangu wengi hapa Kyela siku hizi wanakula meza moja na wakwe zao, wanapiga nao picha. Walikuwa wananitania kisimani: "We mwenzetu, umeolewa mwaka gani?" Lakini sikuchukia. Ulikuwa unakohoa ukiwa bado mbali, makusudi, ili nipate muda wa kusogea bila kukimbia. Nikiwa na ujauzito mkubwa ulikuwa unakohoa mbali zaidi, halafu unasimama, unangoja. Sikuwahi kukuona ukingoja. Nilikuwa nasikia tu viatu vyako vimetulia. Hiyo ilikuwa salamu yetu, Baba, na mimi nilikuwa naiitikia moyoni.

Hivyo ndivyo nilivyokujua, kwa masikio. Nilijua unavyovuta kiti chako, unavyokwangua tope kwenye kizingiti. Na nilijua bunduki yako.

Ngedere walipoingia kwenye kokoa ulikuwa unaitoa ile bunduki ndogo ya kibali. Zile risasi zako za zamani zilikuwa na kelele kama mtu anachana anga. Paa! Halafu paa! Halafu paa! Wala huipi mkono katikati, yenyewe inatema ganda, yenyewe inachukua nyingine. Ngedere wakisikia moja tu, shamba zima linabaki majani yanatikisika. Ulikuwa unajivunia. Mwanao, Baba Lusajo, aliniambia kwamba ulipokuwa kijana ulitembea na panga na debe la kupiga kelele, na siku uliyopewa kibali ulimwambia Mama mkwe, "Leo na mimi nimekuwa mtu."

Kisha akazaliwa Lusajo.

Unakumbuka alivyokuwa mdogo, amezaliwa kabla ya siku zake. Mama mkwe ndiye alikuletea nje umwone, mimi nikiwa ndani nyuma ya pazia. Ulisema, "Huyu ni mtu kweli au ni hindi changa?" Mama mkwe akakugombeza. Halafu nikasikia umepenga kamasi.

Mara ya kwanza bunduki ilipolia Lusajo akiwa amelala, alikakamaa mwili mzima, mikono ikafunguka, akalia mpaka sauti ikakatika na midomo ikabadilika rangi. Mara ya pili vilevile. Nikawa nikisikia kikohozi chako tu namkumbatia mtoto. Siku moja nikifua nepi nilimwambia Mama mkwe, "Mama, ile bunduki itaniulia mtoto kwa hofu. Hakuna bunduki ya kimya?" Nilisema kama mtu anavyosema kwa uchungu. Sikujua kama Mama atalibeba neno hilo mpaka kwako. Lakini niliomba mimi, Baba. Nataka Shangazi alisome hili mara mbili. Niliomba mimi.

Ukapanda kwenda Mbeya, na mgongo wako ule, ukarudi na kiboksi kidogo kutoka kwenye duka la silaha. Kesho yake ngedere wakaja. Nikamziba Lusajo masikio kwa viganja, nikafumba macho. Nikasikia: "tu". Basi. Kama mtu ametema mbegu ya chungwa. Lusajo hakukunja hata uso.

Lakini baada ya ile "tu", sikusikia "tu" nyingine. Nilisikia kra-chak. Kimya. Tu. Kra-chak. Halafu kimya kirefu, na wewe unanung'unika.

Baba Lusajo ndiye alinielewesha aliporudi Jumamosi kutoka Kasumulu anakopakia malori. Alisema risasi hizi zinakwenda pole, hazikimbii kuliko sauti yenyewe, ndiyo maana hazipasui anga. Lakini bunduki ya Baba inajiendesha kwa lile teke la risasi. Teke likiwa kubwa, chuma kinarudi nyuma mpaka mwisho, ganda linaruka nje, risasi nyingine inapanda. Hizi za pole hazina teke la kutosha. Chuma kinarudi nusu njia, kinakata tamaa. Ganda linabaki ndani, au linatoka nusu linabanwa mlangoni, limesimama kama jino. "Sasa inabidi Baba avute kwa mkono kila moja," akasema. "Na siku nyingine inakubali yenyewe, siku nyingine inakataa. Hiyo ndiyo mbaya. Ingekuwa inakataa siku zote, ungeizoea."

Nikamwambia, "Basi mwambie azirudishe." Akasema, "Nimeshamwambia. Amesema mtoto analala."

Hilo neno nilipaswa kulishika, Baba. Nikalisikia, nikafurahi, nikaendelea na uji wangu.

Ngedere walijifunza upesi kuliko sisi. Wakisikia ile "tu", hawakimbii, wanakaa kwenye tawi wanakutazama unachokonoa ganda kwa ukucha. Watu wakaanza maneno. Jirani yetu, Baba Tusa, alipita siku moja ukiwa umeipakata bunduki barazani unaipaka mafuta, mimi nikiwa jikoni nyuma ya ukuta. Akasema, "Mzee, bunduki yako siku hizi inalishwa kwa kijiko kama mjukuu wako?"

Ukajibu, "Acha ilishwe."

"Ngedere watakula mpaka mlango!"

"Na wale. Kokoa inazaa kila mwaka. Mtoto amelala, punguza sauti."

Nilibana kicheko na kanga. Nilikuwa na raha, Baba. Nilikuwa nasema moyoni, mimi mtoto wa mfinyanzi, ni nani hata mzee huyu achekwe kwa ajili yangu? Lusajo naye akakua na ile sauti. Alipoanza kukaa mwenyewe, akisikia kra-chak alikuwa anacheka. Siyo ile "tu", hiyo hata haijui. Anacheka ule mkono wako.

Sasa nifike kwenye asubuhi ile. Nimezunguka sana kwa sababu sitaki kufika.

Nilikuwa narudi kisimani, Lusajo mgongoni, mtungi kichwani, ule alioufinyanga mama yangu kwa ajili ya ndoa yangu. Nikasikia kikohozi chako karibu kuliko siku zote, maana ulikuwa unawafuata ngedere, ulikuwa hutembei njiani. Nikautua mtungi pembeni ya njia, nikaingia nyuma ya shina la migomba, nikachuchumaa, nikajifunika. Kimya kabisa. Nilivyofundishwa. Hukuniona, na ungenionaje? Kazi yangu ilikuwa kutoonekana.

Nikasikia "tu". Nikangoja kra-chak, haikuja. Nikasikia unaitikisa, unaigonga kitako na kiganja, unasema nayo, "Tema, we mchawi, tema." Ganda lilikuwa limebanwa. Nikasikia magazini ya risasi inachomolewa. Nikasikia chuma kinavutwa, ganda likaanguka kwenye majani, chuma kikarudi kwa kishindo. Na mimi nilijua kinachofuata, kwa sababu nilikuwa nimekusikiliza miezi yote ile. Ukishachomoa magazini unabonyeza triga iseme tik, bunduki ipumzike, unaitundika begani unakwenda kunywa chai.

Nikageuka. Sijui nani alinigeuza shingo. Nikakutazama kwa tundu la kanga, na cha kwanza nilichokiona siyo uso wako. Ni ule mdomo wa mtutu, tundu dogo kama jicho la kuku, umeelekea kwenye shina letu la migomba, na kidole chako kiko pale.

Nikakuita jina.

Sikusema "Baba". Sikusema "jamani". Jina lako, lile ulilopewa na mama yako, tupu, kwa sauti ya mtu anayemwita mbuzi. Ukashtuka, mtutu ukainama njiani, kidole kikabonyeza. Haikusema tik, Baba. Ilisema "tu". Kulikuwa na risasi iliyopanda nusu nyuma ya lile ganda, na ulipovuta chuma kikaimalizia safari. Hukuiona. Mtu aliyezoea kuivuta kila risasi kwa mkono wake angejuaje kwamba safari hii moja ilijipandisha yenyewe?

Mtungi haukupasuka. Ulitoboka tu, na maji yakatoka kwa uzi mwembamba, yakilowesha njia.

Laiti ningenyamaza hapo. Kukuita jina nimeshaulizia. Nilimuuliza Mama mkwe, nikamuuliza mchungaji, wote wanasema Mungu anajua kwa nini mdomo ulifunguka. Hata mimi nikimwangalia Lusajo nasema sawa. Siyo hilo linalonila.

Linalonila ni la baadaye. Nilisimama. Kanga ilikuwa imeanguka, nikaja mbele yako uso mtupu, watu wameshakimbilia pale, Baba Tusa na mke wake na wale vijana wa kuvuna kokoa. Nikakwambia wewe, wewe, wewe. Nikasema, "Mzee mzima hujui kushika bunduki! Ungeniulia mtoto wangu! Mtoto wangu!" Kama vile si mjukuu wako. Nikalirudia jina. Halafu nikasema lile ambalo nikilala nalikuta juu ya mto: "Nani alikutuma ukanunue hayo marisasi mabovu? Nani alikutuma?"

Ukanitazama. Ile ilikuwa mara ya kwanza tunatazamana, na uso wako nikaujua siku hiyo. Una macho ya Baba Lusajo. Yalikuwa yamejaa.

Ulikuwa na jibu. Lilikuwa fupi tu, "Ni wewe." Watu wote wale wangeondoka wanajua kwamba mzee alichekwa miezi yote ile na akalisha bunduki kwa kijiko kwa sababu mkwe wake aliomba. Hukulisema. Uliilaza bunduki chini kwenye majani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Ukavua kofia, ukajifunika nayo uso. Ukanigeuzia mgongo, ukasimama hivyo mpaka nikapita.

Wewe ukanipisha mimi. Mzee akampisha mkwe. Tangu nizaliwe sijaona aibu kama ile, na bado siku hiyo nilipita kifua mbele, nadhani nimeshinda.

Jioni Mama mkwe akaniambia umeipeleka bunduki kituo cha polisi Kyela, umewaachia na kibali chake, na umepanda gari la Ipinda. Nilidhani utalala kwa Shangazi ukarudi. Mpaka leo. Baba Lusajo akija kukuuliza unamjibu, "Nitarudi mtoto akikua." Kila mtu anadhani umekimbia kwa sababu mimi nilikuvunjia heshima. Lakini Baba, mimi nimekusikiliza kwa masikio muda mrefu kuliko wao. Nadhani unakimbia mkono wako. Nadhani kila ukifumba macho unaona migomba. Kama ni hivyo, basi tumejificha wote wawili, kila mmoja nyuma ya shina lake, na kila mmoja anangoja mwenzake apite.

Huku ngedere wamefanya kokoa kuwa yao. Wanakuja mpaka kwenye majamvi ya kuanikia. Mama mkwe anawatupia mawe na matusi ya Kinyakyusa ambayo siwezi kuyaandika Shangazi akayasoma barazani. Chai yako bado anaiweka, halafu anainywa mwenyewe ikishapoa, anasema hataki sukari ipotee. Kiti chako hakuna anayekikalia. Lusajo pekee ndiye anakisukuma huku na huku akijifunzia kutembea.

Anatembea, Baba. Hilo nalo hujui. Anatembea kama mlevi aliyetumwa haraka. Na Mama mkwe akivuta lile komeo la mlango wa nyuma, linasema kra-chak, mtoto anaacha kila kitu. Anainua kichwa, anacheka, anatazama upande wa kokoa. Anangoja. Halafu ananitazama mimi, kama vile mimi ndiye ninayejua ulipo. Sijui nimwambie nini. Namwambia, "Babu anakuja." Mama mtu nimekuwa wa kusema nisichokijua.

Baba Lusajo amekuletea barua hii pamoja na kuku. Mama mkwe alisema jambo kama hili halimalizwi kwa mdomo mtupu, na ukimpokea kuku basi umenipokea na mimi. Nataka ujue kuku huyo ametoka wapi. Mtungi ule niliupeleka kwa mama yangu ziwani auzibe. Akaniambia chungu kikishachomwa hakiupokei udongo mbichi, uache, utafutie kazi nyingine. Nikaulaza nyuma ya jiko, kuku akaingia akatagia humo, kwenye lile tundu lako anapata hewa. Huyo unayeletewa aliangulwa humo. Usimchinje kama hutaki. Mpokee tu.

Na ninaomba mambo mengine, nikiruhusiwa.

Ukirudi, ukiwa na nguvu, nenda kituoni uulize kama watakurudishia bunduki yako. Wakikurudishia, nunua zile risasi za zamani, za kelele. Lusajo amekua. Akishtuka atalia, nitambeba, atanyamaza, ndivyo watoto wanavyozoea dunia. Iache ijitemee yenyewe na ijilishe yenyewe, ngedere wakimbie, na Baba Tusa atafute utani mwingine. Wakikunyima, au wewe mwenyewe usipotaka tena kuishika, nalo ni sawa. Debe lipo. Panga lipo. Mimi na Mama tumeshajua kupiga kelele.

Na mimi nitabadilisha kitu kimoja. Heshima yenu siiachi, na jina lako halitatoka tena mdomoni mwangu. Ila sitajificha kimya. Nilidhani kimya ndiyo heshima yenyewe. Sasa ukikohoa, mimi nitapiga makofi pale nilipo, mara mbili, pole pole, mikono imeinama, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa. Ujue niko wapi. Ujue tuko wapi. Mama mkwe amesema hilo halina ubaya, amesema hata angelijua yeye zamani.

Radhi naiomba hapa, mbele ya Shangazi na mbele ya waliokaa. Niliomba risasi za kimya, ukazileta, ukachekwa, ukavumilia, na siku zilipokusaliti nikauliza nani alikutuma. Nilikutuma mimi. Nisamehe, Baba.

Ukija, usipite mlango wa nyuma kwa aibu. Pita njia ile ile ya migomba. Kohoa ukiwa mbali, kama zamani. Nitaacha njia, nitachuchumaa, nitajifunika, utasikia makofi yangu. Lakini Lusajo sitamchukua. Nitamshusha mgongoni nimwache pale pale katikati ya njia, asimame peke yake, na mimi sitageuka kutazama. Nitasikia tu viatu vyako vikitulia.

Ndaga fijo, asante sana Baba, kwa miezi yote ile Lusajo aliyolala.

Ni mimi mkweo uliyenipisha njia,
Mama Lusajo